Ryzen 5 5600G: grafiki ziko ndani ya prosesa, ila ramu ndo inaamua umenunua nini

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya yule anayetaka kuunga desktopu na bajeti haifiki kwenye kadi ya grafiki, au anayeunga mashine za ofisi, za stationery, za studio ndogo ya picha, halafu kila duka analoingia anaambiwa bila kadi hamna mashine hapo. Sio kweli. Ryzen 5 5600G ya AMD nimeitumia kazini na nyumbani, nimewaungia na watu wengine, na msimamo wangu ni kwamba kwa pesa yake ni moja ya prosesa za maana kabisa zilizowahi kukaa kwenye soketi ya AM4, yaani kitako cha prosesa za AMD kwenye mazabodi. Lakini ina sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na ukilipuuza unakuwa umetupa sehemu kubwa ya chipu kabla hujaiwasha. Sharti lenyewe ni ramu, nitalieleza kwa kirefu kwa sababu kila kitu kinategemea hapo.

Kwanza tujue ni mnyama gani. Ilianza kuuzwa madukani Agosti 2021 kwa dola 259, ambayo kwa hela yetu ya wakati ule ilikuwa kama laki 6 kabla hujaweka usafiri na ushuru. Ina kori 6 (vichwa vya kukokotoa) na thredi 12 za Zen 3, kizazi cha ubunifu wa prosesa wa AMD, inaanzia 3.9 GHz inapanda mpaka 4.4, na kwenye kipande hicho hicho cha silikoni, sio pembeni, wamepachika grafiki za Radeon Vega zenye vitengo 7 vya kukokotoa vinavyofika 1900 MHz. Kipande chote kina milimita za mraba 180 tu na ndani kuna transista bilioni 10.7. Kwenye boksi unakuta na feni yake kabisa, ile Wraith Stealth. Kwa hiyo ukishakuwa na mazabodi, ramu, SSD, pawa saplai na kasha, unachomeka HDMI ya monita nyuma ya mazabodi na unaanza kazi, hakuna kingine cha kununua.

Hiyo habari ya grafiki kukaa ndani ya prosesa watu wanaiona kama kitu cha bei rahisi cha kudharau na nadhani inatokana na historia, maana wengi wetu tulianzia kwenye zile Dell za mtumba. Chukua OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo, ile grafiki yake haikuwa ndani ya prosesa hata kidogo, ilikuwa kwenye chipu nyingine ya mazabodi, na ilikuwa dhaifu kweli, hata video ya HD ilikuwa shughuli. Januari 2010 Intel wakatoa prosesa zenye vipande viwili ndani ya pakiti moja, cha prosesa kimetengenezwa kwa nanomita 32 na cha grafiki kwa nanomita 45, vinakaa jirani lakini sio kitu kimoja. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2011, ikaja Sandy Bridge na hapo ndo kila kitu kikaingia kwenye kipande kimoja, kori na grafiki zinashea mpaka kashe ya ngazi ya tatu, yaani hifadhi ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. OptiPlex 790 yenye i5-2400 ambayo bado imejaa kwenye maduka ya fotokopi na kuprinti ni ya kizazi hicho. Ukiweka 780 na 790 pembeni kwa pembeni, ndani ni dunia mbili.

AMD wao waliinunua kampuni ya ATI mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4 kwa lengo hilo hilo la kuunganisha prosesa na grafiki, na watu wakawacheka kwa sababu matunda yalichelewa, mpaka 2011 ndo zikatoka chipu zao za Llano, grafiki nzuri kuliko za Intel ila prosesa yenyewe nzito. Hiyo kasoro iliwaandama miaka mingi, ukitaka grafiki nzuri za ndani unakubali prosesa dhaifu. Mabadiliko ya kweli yakaja Februari 2018 na 2200G na 2400G, kori za Zen pamoja na Vega, ya kwanza dola 99 tu. 5600G ndo mtoto wa ukoo huo na kwa maoni yangu ndo ya kwanza kwenye desktopu za kawaida ambayo upande wa prosesa haudaiwi chochote, kori za Zen 3 zina nguvu ya kweli, unafungua Photoshop, Excel ya mistari laki, Chrome yenye tabu arobaini, haijali.

Na kumbukeni ilitoka wakati gani. 2021 kadi za grafiki zilikuwa zimepotea, wachimbaji wa Ethereum walikuwa wanazibeba zote, chache zilizobaki bei imepanda mara mbili na zaidi, na hali ikaja kupoa vizuri baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji Septemba 2022. Katikati ya ukame huo mtu akakupa prosesa inayowasha skrini, inayocheza gemu, bila kadi. Mimi naona AMD waliokoa watu wengi sana kipindi kile.

Sasa tuje kwenye ramu. Kadi ya grafiki ya kununua pembeni inakuja na ramu yake yenyewe imeunganishwa palepale kwenye kadi, ya kasi kubwa, haimwombi mtu. Grafiki za ndani hazina hata megabaiti moja ya kwao. Zinakula sinia moja na prosesa, yaani ramu ile ile unayoichomeka kwenye mazabodi ndo inatumika na Windows, na Chrome, na gemu, na grafiki. Kwa hiyo swali la muhimu kwenye 5600G sio grafiki zina nguvu kiasi gani, swali ni zinalishwa kwa kasi gani. Hesabu yake ni rahisi: ramu ya DDR4 ya 3200 kwenye chaneli moja (njia moja kati ya ramu na prosesa) inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Ukichomeka vipande viwili vya ramu kwenye chaneli mbili inakuwa GB 51.2. Ni mara mbili kamili, na prosesa peke yake kwa kazi za kawaida hata hutaona tofauti kubwa, lakini grafiki zinaumia vibaya sana. Kuna gemu ukiwa na kipande kimoja unapoteza theluthi ya fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde), na nyingine zaidi ya hapo.

Halafu nenda dukani uone wanavyouza. Mashine iliyoungwa tayari, 5600G, "ramu GB 16", unafungua ubavu unakuta kipande kimoja cha GB 16 na sloti nyingine tupu. Muuzaji anakwambia ni faida yako, utakuja kuongeza baadaye. Hapana! Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16 kwenye chipu hii, na hata vipande viwili vya GB 4 kwa grafiki vinaweza kukimbia kuliko kimoja cha GB 8, ingawa GB 8 jumla sikushauri, utaona mbele kwa nini. Mtu anayekuungia mashine ya aina hii kwa kipande kimoja amekunyima kitu ulicholipia, na inaniudhi kwa sababu gharama ya kufanya vizuri ni karibu ileile. Ukinunua mwambie fundi akufungulie mbele yako uhesabu vipande kwa macho, na kama mazabodi ina sloti nne basi viwekwe ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio mbili zilizobanana.

Kuna mfano mmoja unaonionyesha kwamba ubovu haupo kwenye kuunganisha prosesa na grafiki, upo kwenye ramu. PS4, ile ile iliyojaa kwenye vibanda vya gemu mitaani, ndani yake ina chipu ya AMD ya aina hii hii, kori nane dhaifu na grafiki za Radeon kwenye kipande kimoja, imetoka 2013. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kukokotoa ya grafiki kwenye karatasi, PS4 ni teraflopu 1.84 na 5600G ni kama 1.7, yaani wamepishana kidogo tu, na kwenye prosesa 5600G inaiacha PS4 mbali mno. Lakini PS4 ina GB 8 za GDDR5 zinazopitisha GB 176 kwa sekunde. Yetu 51.2, tena ukiwa umefanya kila kitu sawa. Ndo maana gemu ambayo PS4 inaimudu kwa picha nzuri huku inabidi ushushe setingi. Sony walilipia ramu, sisi kwenye desktopu tumefungwa na hizi DDR4 za kuchomeka. Na ukiwa na kipande kimoja una GB 25.6, sasa hebu linganisha na 176.

Hii sheria haipo kwenye AMD tu, na wenye laptopu isikilizeni. Kuna laptopu za Intel kizazi cha 11 zenye Iris Xe, grafiki nzuri tu. Ikiwa na kipande kimoja cha ramu, kwenye Device Manager inaandikwa Intel UHD Graphics, jina Iris Xe halionekani kabisa, watu wanadhani wametapeliwa au draiva imeharibika wanaanza kufuta na kuinstoli upya. Ongeza kipande cha pili tu jina linarudi na kasi inapanda. Intel wenyewe wameweka hilo sharti la chaneli mbili. Kwa hiyo kabla hujaiuza laptopu yako kwa kuona gemu zinasuasua, fungua kifuniko cha chini uangalie sloti.

Turudi kwenye 5600G. Baada ya vipande viwili kuna jambo la kasi. Ramu nyingi zilizoandikwa 3200 kwenye stika ukizichomeka zinaamka na 2133 au 2400 au 2666 mpaka uingie kwenye baiosi (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, setingi inayoamsha kasi iliyoandikwa kwenye stika, kwenye baadhi ya mazabodi za AMD wanaiita DOCP. Ni kubonyeza mara moja, ila usipobonyeza, kwa ramu iliyolala kwenye 2400 unatembea na GB 38.4 badala ya 51.2. Fungua Task Manager upande wa memory, kasi imeandikwa palepale, ikisoma 2400 na ulilipia 3200 rudi kwenye baiosi. Hii chipu pia inavumilia ramu za kasi zaidi, 3600 inaikubali bila makeke na unapata GB 57.6, wenye ramu nzuri wanaisukuma mpaka 4000, lakini kwa bei za huku mi naona 3200 au 3600 inatosha, hela inayobaki weka kwenye SSD.

Jambo la tatu ni kiasi ambacho grafiki zinatengewa. Ukiwa na GB 16 Windows inaweza kukuonyesha GB 13.9 zinazotumika, usishtuke, ramu haijaibiwa, GB 2 zimefungiwa grafiki. Kwenye baiosi kuna kitu kinaitwa UMA Frame Buffer Size, mazabodi nyingi wamekificha ndani ndani huko kwenye AMD CBS, hapo unachagua 512 MB au GB 1 au GB 2. Kwa mashine ya ofisi acha 512 MB, kwa gemu weka GB 2 kwa sababu kuna gemu zinakagua namba hiyo kabla ya kukubali kufunguka, na zikikosa zinakuletea meseji kwamba grafiki hazitoshi wakati zinatosha. Windows yenyewe inaruhusu grafiki zichukue mpaka nusu ya ramu iliyobaki pale zinapohitaji. Ndo hapo sasa unaona kwa nini GB 8 ni kidogo: toa GB 2 za grafiki, toa Windows, toa Chrome, gemu inabaki inagombania makombo. GB 16 ndo kiwango cha kuanzia kwa mtu wa gemu au wa kuediti.

Kwenye gemu nieleze nilichokiona nikiwa na vipande viwili vya 3200. PES 2021 kwenye 1080p inateleza, fremu 60 hazitikisiki. Valorant, na CS:GO kabla haijabadilishwa kuwa CS2 mwaka 2023, kwa setingi za chini zilipita 100 bila shida. GTA V kwenye 1080p setingi ya kawaida inakaa juu ya 60 muda mwingi. Hizi ndo gemu vijana wengi wanacheza kwa hiyo kundi kubwa limeshahudumiwa hapo. Ukienda kwenye gemu nzito za kisasa hali inabadilika, Cyberpunk 2077 kwenye 1080p hata ukishusha kila kitu haichezeki kwa raha, itabidi ushuke 720p na uwashe FSR, ile mbinu ya AMD ya kuchora picha ndogo halafu kuikuza, na picha inakuwa na ukungu. Kama gemu hizo ndo sababu ya wewe kununua kompyuta, tafuta kadi, usijidanganye na usikubali kudanganywa na video za mtandaoni zinazoonyesha sehemu ambayo hamna kitu kwenye skrini zaidi ya ukuta.

Na hapa niwatoe watu kwenye ile tabia ya kuuliza kadi ina GB ngapi. Bado kuna mafundi wanakushauri uchukue prosesa ya bei ya chini halafu uweke GT 730 ya GB 4, eti GB 4 ni nyingi. GT 730 ni kadi ya 2014, nyingi zinazouzwa ni za DDR3, na zile za biti 64 zinapitisha GB 14.4 tu kwa sekunde. 5600G inaipita vibaya sana. Hata GT 1030 ya GDDR5, yenye GB 48 kwa sekunde, 5600G inalingana nayo au kuizidi kidogo kwenye gemu nyingi. Kwa hiyo pesa ya kadi hizo ndogo ni pesa ya kutupa ukiwa na chipu hii, na ukiichomeka GT 730 juu ya 5600G umejirudisha nyuma kabisa kwa gharama yako mwenyewe.

Kwa kazi za ofisi na ubunifu sina lalamiko la maana. Photoshop, Illustrator, CorelDRAW ya mabango na fulana, AutoCAD ya michoro bapa, monita mbili kwa pamoja, yote inabeba. Mtu wa ramani za nyumba anayetumia Lumion asithubutu, ile programu inataka kadi kubwa na hamna njia ya mkato. Video za 1080p na 4K za kawaida za H.264 na H.265 grafiki zinazifungua na kuzitoa kwa vifaa vyake vya ndani kwa hiyo kuediti kwenye Premiere ni kazi inayowezekana, miradi mikubwa tengeneza faili nyepesi za muda.

Ila kuna udhaifu wa kweli upande wa video na lazima niuseme. Grafiki za Vega ni za ubunifu wa zamani, hazina sehemu ya kufungua AV1, aina mpya ya ubanaji wa video. YouTube inatumia AV1 kwenye video nyingi, kwa hiyo kazi hiyo inaangukia kwenye kori za prosesa, na kwa bahati nzuri kori 6 hizi zinaimudu ila zinatumia umeme zaidi na feni inasikika. Pili, wapiga video za harusi wanaorekodi HEVC (ndo hiyo H.265) ya 4:2:2 biti 10, yenye rangi nyingi zaidi ya ile ya kawaida, kwa kamera mpya za Sony au Canon, chipu hii haiwezi kufungua hiyo kwa grafiki na utaona taimulaini inagandaganda. Kwa hao mi nawaambia waziwazi waende Intel, i5-12400 iliyotoka Januari 2022 ina UHD 730 ambayo kwa gemu ni dhaifu, Vega ya 5600G inaiacha mbali, lakini kwa kufungua AV1 na hizo 4:2:2 za HEVC iko vizuri. Muhimu iwe 12400 yenyewe, isiwe 12400F.

Herufi za mwisho zimetesa watu sana. F kwa Intel maana yake grafiki zimezimwa. Kwa AMD wa kizazi hiki ni kinyume, kama haina G kwenye herufi za mwisho basi haina grafiki. Ryzen 5 5600 haina. 5600X haina. Na 5500 ndo mtego mkubwa zaidi kwa sababu ni silikoni ileile ya 5600G, wamezima grafiki wakauza kwa bei ya chini, ukiinunua bila kadi mashine inawaka, feni zinazunguka, taa za rangi zinacheza, skrini nyeusi. Mazabodi ina tundu la HDMI lakini tundu lile halina kazi bila grafiki ndani ya prosesa. Nimeona mtu anarudisha mazabodi mara mbili dukani akidai ni mbovu wakati haina ubaya wowote. Baadaye Januari 2024 AMD wakaongeza 5600GT na 5500GT, hizo zina grafiki, ni ndugu wa 5600G kabisa, ukiikuta 5600GT kwa bei sawa chukua bila wasiwasi.

Na ukiwa unanunua mazabodi ya B450 au A320 ya mtumba hakikisha imeapudetiwa baiosi, ikiwa na baiosi ya kabla ya 2021 haitaitambua hii prosesa na ukiwa huna prosesa nyingine ya zamani ya kuiwashia hapo umekwama. Omba muuzaji aiwashe na 5600G yako palepale dukani. B550 nyingi zina kitufe cha kuapudeti kwa flashi peke yake bila prosesa, hiyo ni raha.

Umeme ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Prosesa na grafiki zake kwa pamoja zimewekewa dari ya wati 88. Mashine nzima ikiwa inafanya kazi kwelikweli, gemu au kurenda, inacheza kwenye wati 100 na kitu ukutani bila monita, na ikiwa imetulia kwenye Word au kwenye tovuti inashuka sana. Yaani ukiikamua masaa kumi mfululizo ni kama uniti moja ya LUKU na chenji. Linganisha na RTX 3060 ambayo kadi peke yake inaruhusiwa wati 170. Kwa sisi ambao umeme unakatika bila taarifa hilo lina maana kubwa, UPS ndogo ya VA 650 inakushikilia dakika za kutosha kuseva kazi na kuzima kwa adabu, na ukiwa kwenye sola au inveta mashine hii ni rafiki. Mwenye stationery yenye mashine nne au tano apige hesabu ya mwezi aone. Joto nalo ni dogo, ile feni ya boksi inatosha, inapiga kelele kidogo ukirenda muda mrefu kwenye chumba kisicho na AC, hasa huku pwani mwezi wa pili, ila sijawahi kuona inajipunguza kasi kwa joto ikiwa kasha lina feni moja ya kutoa hewa nyuma. Safisha vumbi tu.

Kuna wanaouliza kama wasubiri wajichange wachukue 8600G au 8700G za 2024. Grafiki zake ni bora kweli, za RDNA 3 (ubunifu mpya zaidi ya Vega), zina AV1, na zinatumia DDR5 kwa hiyo ule ufinyu wa njia ya ramu umepanuka. Lakini zinataka mazabodi ya AM5 na ramu za DDR5, na ukijumlisha vyote unakuta umefika bei ya 5600 ya kawaida pamoja na kadi ya mtumba kama RX 6600, ambayo ina GB 224 kwa sekunde zake peke yake na itazipiga zote mbili. Kwa hiyo hizo za 8000 mi naziona ni za mtu anayetaka mashine ndogo ya kuweka nyuma ya monita. Kwa mwenye bajeti ya kweli, DDR4 na 5600G bado ndo njia.

La mwisho ni kwa wale wanaonunua 5600G leo wakiwa na mpango wa kuongeza kadi mwakani, ambao ni wengi na ni mpango mzuri. Jueni kwamba ili grafiki zipate nafasi kwenye silikoni, AMD walipunguza kashe ya ngazi ya tatu kuwa MB 16 wakati 5600 ina MB 32, kwa hiyo ukiwa na kadi kubwa 5600G inaachwa kidogo kwenye fremu. Pia njia yake ya kadi ni PCIe 3.0 sio 4.0. Kwa kadi nyingi hilo halina madhara, ila kaeni mbali na RX 6500 XT na RX 6400, hizo zimetengenezwa na laini nne tu za PCIe, kwenye 4.0 zinajikongoja vizuri lakini kwenye 3.0 ya chipu hii kasi ya hiyo njia inakatwa nusu na GB zake 4 zikijaa gemu inaanza kukatakata. Chukueni yenye laini nane au kumi na sita, na siku mkiichomeka msisahau kuhamisha kebo ya monita kutoka kwenye mazabodi kwenda kwenye kadi.